Vipandio 44: kisa cha fundi wa nguo na presha iliyokataa kushuka

Duka lake liko ghorofa ya pili, katika mojawapo ya yale majengo ya katikati ya Nakuru yaliyokatwakatwa kuwa vibanda: wa simu chini, wa vipodozi katikati, mafundi wa nguo juu. Kutoka mlango wa barabarani hadi kwenye cherehani yake kuna vipandio 44 vya ngazi. Alivihesabu yeye, nami siku moja nikavihesabu nikakuta ni kweli. Kwa karibu mwaka mzima mama huyu alikuwa akifika pale ngazi inapokata kona, anatoa simu mkobani, anaiweka sikioni na kusema "ee, nakusikia, endelea" kwa mtu ambaye hayupo. Pumzi ikimrudia, anairudisha simu mkobani na kumaliza vipandio vilivyobaki. Wenzake walidhani ana wateja wengi.

Nitamwita Mama Cherehani. Amenipa ruhusa ya kuandika kisa hiki kwa masharti mawili: nibadilishe mambo madogo yanayoweza kumtambulisha, na nisimfanye aonekane mjinga. Sharti la pili halikunipa taabu. Katika habari hii aliyeteleza mapema zaidi ni mimi, na nitafika hapo.

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Alikuja kwangu Februari, pilikapilika za sare za shule zilipotulia, kwa ajili ya bega la kulia lililokuwa likimuuma usiku. Bega lilikuwa jambo dogo. Lilishapona na sitalitaja tena. Lakini nilipomwambia apande kigoda na kushuka mara chache ili nione anavyojibeba, alianza kuhema kabla ya mara ya kumi, akashika ukuta. Nikamuuliza ameanza lini kuhema hivyo. Akacheka. "Ni uzee, daktari. Wewe subiri tu." Alikuwa na miaka 56. Ndipo akanieleza habari za ile simu.

Mtu wa miaka 56 anayehema hivyo haandikiwi mazoezi siku hiyohiyo. Huenda damu ni pungufu, huenda ni mapafu, au ni tezi ya shingo, na huenda moyo wenyewe haupati damu ya kutosha. Kwa wanawake hili la mwisho linapotea kirahisi, maana tumezoea picha ya mwanamume anayekamata kifua na kuanguka. Mwanamke naye hupata maumivu ya kifua, lakini mara nyingi kuliko mwanamume huja na mengine: uchovu usioelezeka, pumzi fupi, kichefuchefu, maumivu ya taya au ya mgongo katikati ya mabega. Fundi anayeinama siku nzima akisema mgongo unamuuma, nani atafikiria moyo? Basi nikamrudisha hospitali kwanza.

Kabla hajaondoka nilimuuliza swali ambalo alisema hakuna aliyewahi kumuuliza: mimba zako zilikwendaje? Ana watoto watatu. Mimba ya mwisho ilimpandisha presha, uso na mikono ikavimba, mkojo ukawa na protini, akazalishwa mapema. Kwake yeye jambo lile liliisha siku alipojifungua, tena ni miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Lakini mwili una kumbukumbu yake: mwanamke aliyepata presha ya mimba ya namna ile hubaki na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi karibu mara mbili ya mwenzake ambaye hakuipata. Mama yake mzazi naye alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 63. Haya mawili yangetosha kumfanya mtu apimwe presha kila mwaka tangu zamani. Alikuwa hajapimwa kwa miaka minne.

Alirudi na karatasi. Presha 154 kwa 94, na siku nyingine 150 kwa 92, akiwa ameketi na kupumzika, kwa mkanda mpana unaomtosha mkono. (Nasisitiza mkanda kwa sababu mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hupandisha namba za uongo, na nimeona watu wakianzishiwa dawa kwa namba za namna hiyo.) Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kovu wala dalili ya moyo kukosa damu. Damu ilikuwa ya kutosha, sukari iko sawa. Kolesteroli mbaya ilikuwa juu. Uzito kilo 81 kwa mtu wa sentimita 159. Daktari alimwandikia dawa ya kushusha presha, amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, akataja pia dawa ya kolesteroli ambayo mama aliikataa palepale ("tuanze na moja, mwanangu, mimi si duka la dawa"), kisha akaruhusu mazoezi.

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 51. Anaukumbuka mwaka kwa sababu alikuwa akishona gauni la harusi la bintiye, na joto lilikuwa likimpanda kifuani hadi usoni katikati ya kazi, jasho likadondokea satini nyeupe. Alilitia maua ya kamba mahali pa doa, na mpaka leo bintiye hajui yale maua yalitokea wapi. Joto lilimsumbua kama miaka mitatu, likapungua, naye akahesabu kwamba mambo ya kukoma hedhi yamekwisha. Sisi watu wa hospitali ndio tunaowafundisha wanawake kuhesabu hivyo. Tunazungumzia joto na usingizi, tunanyamaza kuhusu mishipa ya damu.

Estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma, ilikuwa na kazi nyingi zisizo na kelele. Iliusaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa nitriki oksidi, gesi inayolegeza mshipa ili damu ipite. Ililisaidia ini kunasa kolesteroli mbaya na kuiondoa kwenye damu. Ilielekeza mafuta yakae mapajani na makalioni badala ya kujazana ndani ya tumbo. Inapopungua, kolesteroli mbaya hupanda, na hupanda kwa kasi hasa katika kipindi cha mwaka ule wa hedhi ya mwisho. Mafuta yanahamia tumboni. Mishipa inakakamaa na presha inaifuata.

Nilipokuwa namweleza hili la mafuta kuhama, alinikatiza. "Hilo nalijua bila shule." Akanieleza kwamba wateja wake wa umri wa makamo humletea sketi zilezile wakitaka kiuno kiongezwe, huku nyuma kumelegea, na wengi huapa kwamba uzito haujabadilika. Miaka thelathini amekuwa akiyasoma mabadiliko haya kwa tepu, mteja mmoja baada ya mwingine. Ningekuwa na akili siku ile ningeanzia hapo.

Aliniuliza pia kuhusu vidonge vya homoni, maana jamaa yake wa Nairobi alimwambia vinarudisha ujana na kulinda moyo. Wazo hilo liliwahi kuaminiwa hata na madaktari wengi. Kisha huko Marekani wanawake 16,608 waliokwisha kukoma hedhi wakaingizwa katika jaribio kubwa, nusu wakipewa estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike, ya kutengenezwa), nusu vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2002, kwa sababu waliopewa homoni walipata zaidi saratani ya matiti, maradhi ya moyo, viharusi na damu kuganda. Homoni bado zina kazi kwa mwanamke anayeteswa na joto kali, daktari akimpima na kumfuatilia. Kama kinga ya moyo, hapana.

Yeye alikuwa na maelezo yake mwenyewe ya kilichomharibu: mota. Cherehani yake ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga. Hedhi ilipoanza kuyumba ndipo alipopata pesa za kununua ya umeme, na tangu siku hiyo miguu imekaa chini ya meza saa tisa kwa siku, kazi yake kubonyeza kidude kwa ncha ya kiatu. Nusu ya madai yake ni kweli. Kukanyaga cherehani hakuupandishi moyo kiasi cha kuuzoeza, lakini misuli ya mapaja ndiyo mikubwa mwilini na ndiyo inayochoma sukari na mafuta mengi. Ikilala kutwa, vinabaki kwenye damu.

Hata hivyo alikuwa amechoka kila siku, na uchovu huo ndio uliokuwa ukimdanganya. Anaamka saa kumi na moja, anawasha moto wa chai, anafua, anafunga safari ya mjini, anashona, anarudi, anasonga ugali. Ukimwambia mtu kama huyu "fanya mazoezi", anasikia tusi. "Mimi sikai, daktari." Nami nikamjibu kwamba anakaa sana, ila anakaa huku anafanya kazi. Mtu anaweza kuchoka kwa kusimama, kwa kuinama, kwa kuwaza karo, na siku nzima moyo wake usipande hata mara moja. Alikasirika kidogo. Lakini alirudi wiki iliyofuata, na raba miguuni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Ukimsomea dakika 150 mwanamke anayefunga duka saa moja usiku, atakuitikia kwa adabu na hutamwona tena. Nilimwanzishia dakika 24, siku tatu kwa wiki. Jumla 72. Namba hiyo sikuiokota barabarani, na nitaeleza ilikotoka.

Nakuru ni mji wa mteremko. Kusini ziwa, kaskazini Menengai. Ukitaka kilima huhitaji kukitafuta, unageuza uso kaskazini na kuanza kutembea. Alikuwa akishuka matatu mjini saa kumi na mbili na dakika ishirini, pamoja na mwenzake wa chama, wakapandisha kuelekea Milimani kwa dakika kumi na mbili, kisha wakarudi. Vumbi na bodaboda zinazopanda pembeni pa watembea kwa miguu nitaziacha, kila mkazi wa hapa anazijua. Kipimo cha kasi kilikuwa rahisi, kwa sababu ni mwanakwaya, sauti ya pili: aweze kusema maneno ya wimbo lakini asiweze kuuimba. Akiweza kuimba aongeze mwendo. Asipoweza hata kusema, apunguze. Nikamtajia pia mambo ambayo yakimpata anasimama na kutafuta msaada papo hapo, asisubiri kufungua duka: kifua kubana, taya au mkono kuuma, jasho la baridi, kizunguzungu cha kutaka kuanguka.

Kwa misuli tulitumia alichonacho. Jora la kitambaa cha sare ni zito kuliko linavyoonekana. Alilikumbatia kifuani, akaketi kwenye kiti na kusimama mara kumi, akapumzika, akarudia. Nilimkazania jambo moja: atoe pumzi anaposimama, asiibane, maana kubana pumzi huku umebeba uzito huirusha presha ghafla. Siku ya pili alinipigia simu kuniuliza kama mapaja yanaruhusiwa kuuma hivyo.

Yote hayo alifanya. Kitu kimoja tu alikataa, bila kueleza: kuruka. Hata kurukaruka kidogo pale alipo, hata kushuka ngazi kwa haraka. Alikuwa na sababu kila mara, leo goti, kesho viatu. Nilidhani ni haya za utu uzima. Ziara ya nne aliinuka, akavuta pazia mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkojo humtoroka. Akikohoa, akicheka, akiruka. Kanisani walikuwa na kikundi cha mazoezi ya muziki cha akina mama. Alikwenda mara moja, akaondoka wimbo wa pili haujaisha na hakurudi. Kisha akapindua ncha ya sketi yake akanionyesha. Kwa ndani alikuwa ameshonea bitana ya tabaka mbili, kwa ustadi wa miaka thelathini, rangi nyeusi. Kabati lake zima lilikuwa hivyo, hakuwa na sketi moja ya rangi nyeupe au ya samawati.

Nadhani ningeandika kisa hiki kwa ajili ya ile bitana peke yake. Ni wangapi tunaowaita wavivu wa mazoezi, kumbe wamekaa juu ya siri kama hii? Misuli inayoshikilia kibofu hulegea kwa uzazi, na kupungua kwa estrojeni huzidisha, na tiba yake ya kwanza ni mazoezi: kuikaza misuli ileile mtu anayoikaza anapozuia upepo, kuishikilia kwa sekunde chache, kuiachia kabisa, kurudia mara kadhaa kwa siku. Inachukua miezi, si wiki. Uzuri wake ni kwamba yanafanyika ukiwa umeketi kwenye cherehani na hakuna mteja atakayejua. Aliyafunga na kazi: kila akimaliza mshono mmoja mrefu, anakaza mara tano. Kufikia Julai alikuwa akikohoa bila hofu. Sketi za bitana bado anazivaa. Anasema hataki kuzifumua, kazi ilikuwa nzuri.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza nilimwandikia kwenye karatasi: Uzito 81, lengo 74. Mkono uliandika kwa mazoea. Wiki ya nane alipanda mizani ikasema 80 na nusu. Aliketi, akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Nimetembea hadi soli imelia, na hiki chuma hakijanihurumia hata kilo moja." Alikuwa tayari kuacha, na nisingeweza kumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ushindi unaonekana pale. Kutembea dakika 72 kwa wiki hakumpunguzi mtu kilo saba. Chapati mbili zinairudisha kazi yote ya asubuhi.

Kilichomwokoa kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake. Aliivuta tepu, akajizungusha kiunoni juu ya kitovu kama anavyompima mteja, akasoma, akapima tena. Akafungua daftari lake la wateja. Alikuwa amejiandikia ukurasa wake mwenyewe tangu Februari, bila kuniambia: inchi 39 na nusu. Siku ile ilikuwa 38 na robo tatu. Akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia nipime hapa?" Sikuwa na jibu. Nilichana karatasi yangu.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za 72. Mwaka 2007 watafiti wa Dallas, Marekani, walichapisha jaribio la wanawake 464 waliokwisha kukoma hedhi, wenye uzito mkubwa, wasiofanya mazoezi, presha yao ikiwa imeanza kupanda. Waligawanywa: kundi moja liliendelea kama kawaida, matatu yakafanya mazoezi kwa viwango tofauti kwa miezi sita. Kundi la kiwango kidogo zaidi lilifanya wastani wa dakika 72 hivi kwa wiki. Nguvu ya moyo na mapafu yao ilipanda kwa asilimia 4.2, la kati likapanda kwa 6, la juu kwa 8.2. Uzito haukupungua kwa namna ya kutofautisha makundi. Viuno vilipungua katika makundi yote matatu. Na namba ya juu ya presha, ile ambayo jaribio lilitumaini kuiona ikishuka, haikushuka kwa kiwango cha maana katika kundi lolote.

Mama aliusikiliza ule mwisho kwa makini kuliko nilivyojua. Kumbe alikuwa na sababu.

Mwanzoni mwa Juni nilimpima presha kabla ya mazoezi: 166 kwa 98. Nikarudia baada ya dakika tano, karibu ileile. Nikamuuliza kuhusu vidonge. Akaangalia dirishani. Alikuwa ameviacha wiki tano nyuma. Miguu ilianza kuvimba vifundoni jioni, viatu vikabana. Mwenzake mmoja wa chama akamwambia kwamba mtu anayefanya mazoezi hana haja ya vidonge, vinapigana ndani ya mwili. Naye alikuwa anajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia katika miaka mitano. Akajumlisha mambo matatu hayo, akapata jibu ambalo hata mimi ningelipata.

Kuvimba vifundo ni tabia inayojulikana ya amlodipini. Hulegeza mishipa midogo na maji yakavuja kuingia nyamani, na fundi anayeketi kutwa na miguu chini huvimba zaidi. Hakuna aliyemwonya, si daktari, si muuza dawa, na mimi niliyemwona kila wiki sikuuliza. Alirudi kwa daktari, akapunguziwa kiwango na kuongezewa losatani, dawa ya kundi jingine ambayo pamoja na kushusha presha husaidia kupunguza uvimbe huo. Ndani ya mwezi vifundo vilirudi kama zamani na presha ikawa 134 kwa 84.

Tulibishana kidogo siku ile, na ubishi wake ulikuwa wa haki. Kama mazoezi hayashushi presha, natembea ya nini? Jibu lina tabaka mbili. Kwanza, wale wanawake wa Dallas walichaguliwa wakiwa na namba ya juu kati ya 120 na chini kidogo ya 160, kwa hiyo si wote waliokuwa na presha kamili. Kwa mtu mwenye presha kamili, mazoezi ya mara kwa mara hushusha namba ya juu kwa pointi tano hadi nane hivi. Ni kitu, lakini kutoka 154 hakukufikishi pazuri, na kwa mwanamke mwenye historia ya mama yake, tofauti iliyobaki ndiyo inayopasua mshipa wa ubongo. Kwa hiyo vidonge. Pili, moyo na mishipa havilindwi kwa presha pekee. Misuli inayofanya kazi hunywa sukari, mafuta ya ndani ya tumbo hupungua hata mizani ikikaa kimya, damu inayopita kwa kasi wakati wa mwendo huufanya utando wa mishipa utoe tena ile nitriki oksidi uliyopunguziwa. Vidonge havifanyi hayo. Mazoezi hayafanyi ya vidonge. Ndoa ya mitala, alisema yeye, kila mke na chungu chake.

Mvua za Aprili na Mei zilivunja safari za Milimani kwa karibu wiki tatu. Ndipo alipoanza kutumia ngazi za jengo: anapanda vipandio 44, anashuka polepole, anapanda tena, kabla mafundi wengine hawajafika. Mvua zilipokatika, wanawake wa chama walianza kujitokeza Jumamosi, kwanza wawili, baadaye saba, na wakatunga faini ya shilingi 20 kwa anayekosa bila sababu. Faini hiyo sikuibuni mimi, na imefanya kazi kuliko hotuba zangu zote.

Simu yake nayo inahesabu hatua. Februari zilikuwa 3,000 na ushei kwa siku; Agosti zilikaribia 6,500, naye akahuzunika kwamba hajafika 10,000. Namba hiyo ya 10,000 asili yake ni jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, haikutoka maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake 16,741 wa Marekani wenye umri wa wastani wa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache wa asilimia 41 wakilinganishwa na waliotembea 2,700 hivi, na faida ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Ni kweli mwenye afya hutembea zaidi kwa kuwa ana afya, kwa hiyo si faida yote ni ya hatua zenyewe. Nilimwambia hivyo pia. Akasema yeye atachukua hata nusu.

Mwishoni mwa Agosti: kiuno inchi 38 kamili. Uzito kilo 80. Mapigo ya moyo akiwa ametulia yameshuka kutoka 84 hadi 76 kwa dakika. Dawa ya kolesteroli bado anaikataa, daktari bado anaitaja, na mimi niko upande wa daktari. Kipimo kingine ni Novemba na nimemwahidi kwamba namba ikibaki palepale nitamsumbua.

Wiki iliyopita nilipeleka suruali kukatwa. Nilimkuta ngazini mbele yangu, pale penye kona, simu sikioni. Moyo ulinishtuka. Nikasimama chini yake nisikilize, na nikasikia sauti ya mtu mwingine kwenye simu, mteja analalamika kuhusu mikono ya blauzi, na yeye anamjibu kwa ukali kwamba alipima mwenyewe na mikono haijakosewa. Hakusimama. Alifika juu bado anabishana.